Peugeot 504 na Corolla 110: Namna ya Kulinganisha Magari Mawili ya Zama Tofauti

Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa Septemba 1968, baada ya migomo na maandamano ya Mei mwaka huo kuvuruga ratiba ya kiwanda. Toyota Corolla ya kizazi cha nane, ambayo mafundi wa Afrika Mashariki huiita 110, ilitoka Japani Mei 1995. Miaka 27 iliyo kati yao ilitosha kubadilisha karibu kila kilichomo chini ya boneti. Kabureta iliondoka, zikaja nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Kamshafti iliyokuwa chini ubavuni mwa injini ilipanda juu ya silinda hedi na kuwa mbili. Nguvu iliyokuwa ikisafiri kwa propela shafti hadi magurudumu ya nyuma ikahamia ya mbele. Sokoni, hata hivyo, magari haya bado hukutana. Anayetafuta gari kuukuu la bei nafuu Nakuru, Arusha au Mombasa anaweza kuoneshwa yote mawili siku moja, na mara nyingi huamua kwa mapenzi ya jina: mmoja amelelewa kwenye Pijo ya baba yake, mwingine hajawahi kuona Toyota ikilala njiani.

Takwimu za vitabuni hazisaidii sana hapa. Injini ya 504 ya sentimita za ujazo 1971, ile ya kabureta, ilitoa takriban nguvu za farasi 93. Injini ya Corolla AE110, yenye sentimita 1498 tu, ilitajwa kutoa 100. Kwa hesabu hiyo Corolla imeshinda. Ila 504 hufikia mvuto wake mkubwa, takriban nyutonimita 169, injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, wakati Corolla hungoja hadi 4400 ndipo ifikie 137. Kwenye mteremko mtupu tofauti hiyo haionekani. Kwenye mlima, gari likiwa na watu saba na magunia juu ya paa, ndiyo inayoamua gia ipi itashika.

Tena hizo ni takwimu za siku gari lilipotoka kiwandani. Miongo kadhaa baadaye, kinachotenganisha magari haya ni jinsi kila moja linavyozeeka. 504 huchakaa polepole na kwa kelele, na kilichochoka hutengenezwa. Corolla hufanya kazi kimya kimya hadi siku kitu kinapokata, na kitu hicho hakitengenezwi, hubadilishwa. Maswali ya kumuuliza muuzaji, mahali pa kuangalia na fundi wa kwenda naye hutegemea tofauti hiyo.

Mwaka wa muundo na mwaka wa gari

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuchanganya zama za muundo na umri wa gari lenyewe. Saluni ya 504 iliacha kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983, lakini kiwanda cha Kaduna nchini Nigeria, kilichoanza kazi 1975, kiliendelea kuiunganisha kwa miaka mingi baadaye, na Kenya vilevile. Kwa hiyo 504 iliyounganishwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990 inaweza kuwa changa kuliko Corolla ya 1995, huku ikiwa bado na akili ya mwaka 1968. Zama za muundo humwambia mnunuzi nani anaweza kulitengeneza gari na kwa vifaa gani. Mwaka wa kutengenezwa humwambia kutu, mpira na waya vimekaa kwenye jua na mvua kwa muda gani. Ni maswali mawili, na kila moja lijibiwe peke yake.

Kwenye kadi au logibuku, mwaka wa kusajiliwa nchini usichanganywe na wa kutengenezwa. Corolla iliyotembea Japani miaka saba kabla ya kupanda meli ina miaka hiyo saba, hata kama namba yake ya usajili inaonekana changa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo 110 zote zilizoko huko ziliingia zamani, na zilizokuwa nzuri zimekwisha kupita mikononi mwa wenye magari watatu au wanne.

Kibati cha chesi cha Corolla kinasomeka kwa urahisi. Herufi ya kwanza ni familia ya injini, E ya pili ni Corolla, na namba ni kizazi na toleo. AE110 ina injini 5A-FE ya sentimita 1498. AE111 ina 4A-FE ya lita 1.6, EE111 ina 4E-FE ya lita 1.3, CE110 ni ya dizeli. Muuzaji anayesema gari lake ni la lita 1.6 huku kibati kimeandikwa EE111 ama hajui alichonacho au anajua sana.

Kwa 504, cha kutazama ni aina ya bodi, kwa sababu chini yake ni magari tofauti. Saluni kwa kawaida ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja na springi yake ya koili, na umbali wa mita 2.74 kati ya ekseli. Steshenwagoni imerefushwa hadi mita 2.90, ina ekseli ngumu nyuma na springi za koili nne, mbili kila upande. Toleo lake la familia lina safu tatu za viti. Pikapu ina springi za majani. Anayelinganisha steshenwagoni ya 504 na saluni ya Corolla analinganisha punda na baiskeli: vyote hubeba, lakini si mzigo mmoja.

Bodi kabla ya injini

Wanunuzi wengi hukimbilia kufungua boneti. Kwa gari la umri huu ni afadhali kuanza chini, kwa kupiga magoti na tochi mkononi. Injini mbovu ina bei inayojulikana. Bodi iliyooza haina bei, kwa sababu kila bati linaloondolewa hufichua jingine.

504 na Corolla zote zina bodi inayobeba uzito bila chesi ya kando, isipokuwa sehemu ya nyuma ya pikapu ya 504. Maana yake ni kwamba kutu kwenye vizingiti vya milango na sakafuni imegusa mifupa ya gari. Kwenye 504 paangaliwe vichwa vya shokomzoba za mbele chini ya boneti, pembe za sakafu chini ya zulia, shimo la tairi la akiba, na pale mikono ya magurudumu ya nyuma inaposhikana na bodi. Kwenye Corolla kutu hupenda matao ya magurudumu ya nyuma, chini ya milango na sehemu inayobeba rejeta. Magari yaliyoishi Mombasa, Tanga au Unguja yakaguliwe mara mbili, maana chumvi ya bahari haichagui Mfaransa wala Mjapani.

Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi ndiyo kifaa cha bei rahisi kuliko vyote. Inaposhika, hapo ni bati. Isiposhika, chini ya rangi kuna pati. Pati nyembamba juu ya mkwaruzo si jambo kubwa, lakini pati nene kwenye kizingiti hufunika tundu.

Hapa 110 ina nafasi ambayo 504 haina. Milango, boneti, hata nusu nzima ya mbele ya Corolla bado hupatikana kwenye magari yaliyochinjwa. Mlango mzima wa 504 usio na kutu ni bahati, na mara nyingi kazi inaishia kwa fundi wa kuchomelea anayekata bati jipya kwa mkono. Wapo wanaoifanya vizuri, na wapo wanaobandika bati juu ya kutu na kupaka rangi.

Injini

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla ya mnunuzi kufika amemnyima nusu ya habari, na si vibaya kuomba kurudi kesho asubuhi.

Injini ya petroli ya 504 imelazwa upande kwa nyuzi 45, ina hedi ya alumini, kamshafti ya chini inayoendeshwa kwa mnyororo, na silinda zilizo slivu zinazochomolewa huku maji ya kupoza yakizizunguka moja kwa moja. Muundo huu wa slivu ndio ulioifanya ipendwe vijijini. Silinda zikiliwa, bloku haipelekwi kuchongwa. Hununuliwa seti ya slivu, pistoni na ringi, ikaingizwa na fundi mwenye uangalifu. Lakini una adabu zake. Hedi ikifunguliwa, slivu lazima zibanwe zisiinuke, na kila slivu ikae kwa kimo sahihi juu ya bloku. Fundi akizungusha krenki ovyo hedi ikiwa nje, mihuri ya chini ya slivu huachia na maji huingia kwenye oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko inataka maelezo, na jibu la kwamba ni unyevu tu halitoshi.

Sehemu nyingine ya kutazama ni feni ya rejeta. Kwenye 504 nyingi feni hushikwa kwa sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi huzunguka bure, ikipata joto sumaku huivuta ikashikana na puli. Kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku hiyo huisha, feni isishike tena, na gari likaanza kuchemsha kwenye foleni huku likienda vizuri barabara kuu. Mafundi wengi humaliza tatizo kwa kuifunga feni kwa boliti izunguke daima. Si kosa kubwa, ila huonyesha kwamba gari lilikwisha kuchemsha, na hedi ya alumini iliyowahi kuchemka yafaa ishukiwe kuwa imepinda.

La tatu ni valvu. Petroli yenye risasi ilitoweka kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ilikuwa ikiacha utando kwenye viti vya valvu, na injini za zamani zilizoea ulinzi huo. Kiti kikiliwa, valvu hupanda na pengo lake hupungua. Injini ya 504 ambayo valvu zake zinahitaji kurekebishwa kila baada ya muda mfupi, na kila mara pengo ni dogo, inakaribia kufunguliwa hedi.

Injini ya 110 inahitaji macho ya aina nyingine. Kwenye 5A-FE na 4A-FE kamshafti huendeshwa kwa mkanda wa mpira unaopaswa kubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Mkanda huo hauonyeshi uchovu wake kwa nje. Injini hizi mbili zina bahati moja: mkanda ukikatika pistoni hazigongi valvu, gari huzima tu. Hata hivyo, kuzima katikati ya barabara ya malori si jambo dogo. Kama hakuna risiti ya mkanda, ichukuliwe kwamba haujabadilishwa, na gharama yake itolewe kwenye bei.

Moshi nao husomwa. Wa bluu unaotoka kidogo asubuhi na kuisha hutokana na mipira ya valvu. Wa bluu unaoongezeka gari likipanda mlima ni ringi. Mweupe usioisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoungua. Mweusi kwenye 504 ni kabureta iliyofunguliwa kupita kiasi. Kwenye Corolla ni sensa inayoidanganya kompyuta.

Injini ya 110 ikichoka kabisa, wachache huifanyia ovaholi. Hununuliwa nyingine iliyotumika kutoka Japani, ikafungwa kwa siku moja au mbili. Ni haraka, na mara nyingi ni nafuu kuliko vipuri vya kufufua ile ya zamani. Mnunuzi wa gari lililofungwa injini ya aina hiyo, hata hivyo, hajui historia yake hata kidogo.

Chini ya gari na umeme

Propela shafti ya 504 imo ndani ya bomba linalounganisha giaboksi na difu kama mfupa mmoja. Bomba hilo hulipa gari utulivu kwenye barabara ya vumbi, lakini hufanya kubadilisha klachi kuwa kazi kubwa, maana giaboksi haichomoki hivihivi kwenda nyuma. Klachi inayoshika juu kabisa ya pedali kwenye 504 ipunguze bei zaidi kuliko ileile kwenye Corolla. Kwa 110, jaribio la mbele ni rahisi: usukani ukatwe hadi mwisho, gari liende polepole kwa duara kulia kisha kushoto. Mlio wa tak-tak-tak ni jointi ya CV iliyokwisha. Kama giaboksi ni ya otomatiki, kijiti cha oili yake kichomolewe: nyekundu safi ni njema, ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni sababu ya kuaga.

Umeme wa 504 unaweza kufuatwa na mtu mwenye balbu na waya wa kupimia. Hatari yake ni mikono mingi iliyopita. Wayaringi iliyounganishwa kwa tepu, yenye nyaya za rangi moja zinazokwenda kila upande, inaweza kuwasha moto. Corolla, kwa upande wake, huzungumza kupitia taa ya injini kwenye dashibodi. Swichi ikifunguliwa taa hiyo lazima iwake, na injini ikiwaka izime. Taa isiyowaka kabisa si habari njema, maana yupo aliyeitoa balbu. Kwenye kiboksi cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, fundi akiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, taa hiyohiyo humulika kwa hesabu, na kila hesabu ina sehemu yake. Hakuna haja ya mashine ya gharama, na fundi wa Toyota asiyejua jambo hili afaa kuachwa.

Ukaguzi huohuo wa taa ufanyike kwa mikoba ya hewa kama gari linayo. 504 haina cha kukagua hapo. Katika ajali, zama za muundo huonekana waziwazi, na hakuna ufundi wa gereji unaoweza kuziba pengo hilo. Mikanda ya viti, breki na tairi za 504 zinapaswa kuwa nzima bila mjadala, kwa kuwa ndizo kinga yake yote.

Barabarani na kwenye hesabu

Jaribio la kuendesha lifanyike kwenye lami na kwenye barabara mbovu. 504 ilijipatia jina kwenye barabara mbovu: ilishinda mbio za Safari mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 chini ya Jean-Pierre Nicolas. Andersson huyohuyo ndiye aliyeijenga timu ya mbio ya Toyota barani Ulaya, jambo ambalo mashabiki wa Pijo hulisahau kwa hiari. Shokomzoba zenye mwendo mrefu na viti laini huifanya 504 nzima ipite kwenye mashimo kwa utulivu ambao 110 haiwezi. Ikigonga au kuyumba, basi bushi zimekufa. Corolla ni fupi, nyepesi na iko karibu na ardhi. Thamani yake iko mjini, kwenye foleni na maegesho.

Mafuta ndiyo hesabu isiyo na siri. 504 ya petroli iliyotunzwa huenda takriban kilomita 8 hadi 10 kwa lita, na 110 ya lita 1.5 kama 12 hadi 15. Kwa anayetembea kilomita 1000 kwa mwezi, 504 ya kilomita 9 kwa lita hunywa lita 111, na Corolla ya kilomita 13 hunywa 77. Tofauti ya lita 34 kila mwezi, ikizidishwa kwa mwaka, mara nyingi hula nafuu yote iliyopatikana kwenye bei ya kununua.

Vipuri navyo vina mtego. Vya 110 vimejaa Kariakoo ya Dar es Salaam, Grogan ya Nairobi na soko la Kisekka Kampala, na kwa sababu vimejaa, bandia navyo vimejaa. Vya 504 ni vichache na huwa mikononi mwa wauzaji wanaofahamika, tena mara nyingi ni vya kale vilivyobaki dukani. Upungufu mkubwa zaidi ni wa mafundi. Wanaoijua slivu ya 504 na kabureta yake wengi wao ni wazee, na vijana waliojifunza kazi kwa kubadilisha vipuri huogopa kitu kinachohitaji kurekebishwa. Kabla ya kutoa pesa ya 504, fundi apatikane kwanza, aione, na aseme kama yuko tayari kuishi nayo.

Kwa matumizi ya kila siku ya mji, 110 nzima ni chaguo la busara. Kwa mzigo na barabara ya vumbi, steshenwagoni nzima ya 504 bado ina kazi yake, ilimradi mwenyewe ana fundi na hana haraka. Kati ya 504 iliyotunzwa na mtu mmoja kwa miaka 20 na 110 iliyopita kwenye teksi, bodi ikapakwa pati na taa za dashibodi zikang'olewa, jina la Toyota lisimdanganye mtu.

Mwisho ni karatasi. Namba ya chesi kwenye bati na ile ya kadi au logibuku zilingane herufi kwa herufi. Namba ya injini isomwe kwenye bloku yenyewe, baada ya kufuta grisi kwa kitambaa, kwa kuwa 110 nyingi zimekwisha kubadilishwa injini bila mabadiliko hayo kuandikishwa. Tofauti ikionekana, kazi ya kuisahihisha kwenye mamlaka ya usajili ni ya muuzaji, na ifanyike kabla ya malipo ya mwisho.